Nyundo Iliyovishwa Joho

Toshtemir alizaliwa mwembamba na akaendelea hivyo hivyo. Jina lake maana yake jiwe na chuma, na mama yake alilichagua kwa matumaini makubwa. Lakini ukimwona akivuka barabara siku ya upepo, ungetamani kumshika mkono. Hata hivyo, katika mji mzima wa Margilan hapakuwa na mtu aliyebomoa kuta nyingi kuliko yeye.

Nyundo aliipata siku kiwanda cha hariri kilipofungwa. Alikuwa amekitumikia miaka kumi na tisa, fundi wa mitambo. Wakubwa walikuwa wamekwisha kuuza nyuzi, vitambaa, hata vioo vya madirisha, kisha wakawaambia wafanyakazi wajichukulie kilichobaki stoo, iwe ndiyo asante yao. Mmoja alipata viti viwili. Mwingine alipata saa ya ukutani isiyotembea. Toshtemir, aliyesimama mwisho wa foleni kwa sababu ya adabu, alipata nyundo ya kilo nane. Miaka kumi na tisa ya jasho la mtu, na uzito wake kilo nane! Hakulalamika. Wapo wanaosema uvumilivu kama huo ni sifa, lakini wezi wa nchi hii wamenenepa kwa uvumilivu wa watu kama Toshtemir.

Aliibeba begani hadi nyumbani, akaichongea mpini mpya wa mforosadi, na toka siku hiyo mtaa ukawa wake. Mtu akitaka kutoboa mlango, kung'oa jiko la zamani au kuangusha zizi, alisimama getini na kuita, "Kaka Toshtemir, nyundo ipo?" Naye alikwenda pamoja na nyundo, maana hakuamini kuwa mwingine angeijulia tabia. Aligonga ukuta kwanza kwa kifundo cha kidole, akasikiliza palipo tupu, akaweka nguzo chini ya boriti, ndipo akaanza kwenye kona ya juu.

"Usiisukume," aliwafundisha vijana. "Inyanyue, halafu iache ianguke yenyewe. Wewe ielekeze tu, kama unavyomwelekeza shemeji mlevi mlangoni. Na usianzie chini. Ukiupiga ukuta miguu, utakuangukia kichwani."

Mtaa ulikuwa na nyumba sabini. Sitini na tisa zilikuwa zimeionja nyundo ile. Iliyobaki ilikuwa ya Toshtemir mwenyewe.

Si kwamba haikuwa na cha kubomolewa. Kati ya sebule na chumba cha pembeni palikuwa na ukuta wa udongo, mnene, usio na kazi yoyote, na mkewe Risolat aliuomba uondoke tangu mimba ya binti yao Sanobar. Sanobar sasa alikuwa na miaka ishirini na tatu na akifundisha hesabu. Kila mwaka Toshtemir alijibu, "Nitautoa, nitautoa." Ukweli ni kwamba alikuwa akiuwekea akiba, kama mtu anavyosogeza kipande kizuri cha nyama ukingoni mwa sahani ili akile mwisho. Baada ya kuta za watu wote, huo ungekuwa wake, kwa mikono yake, na hakuna mwingine angeugusa.

Kisha Sanobar akapata mchumba, Qobil, fundi umeme wa mji wa Quva. Walijuana tangu chuoni na walipendana bila kumsumbua mtu. Lakini shangazi yake Qobil, bibi mmoja aitwaye Oyimxon, alitangulia kuja kukagua. Alikunywa chai, akasifu jamu ya Risolat, akaipima sebule kwa macho.

"Siku ya kuvunja mkate tutakuja sita tu," alisema. "Lakini siku ya harusi, upande wetu ni watu arobaini. Hapa wataenea ishirini. Wengine sijui mtawapachika wapi. Labda juu ya mzabibu."

"Shangazi, siku ya mkate mtakikuta chumba cha watu arobaini," alisema Toshtemir, masikio yakimwaka.

"Baba," alisema Sanobar mgeni alipoondoka, "Qobil ananioa mimi. Haoi sebule."

Alisema kweli, na kama dunia ingekuwa na akili, habari hii ingekomea hapo. Lakini dunia yetu humpima binti kwa urefu wa zulia la baba yake. Ilibaki wiki moja kabla ya siku ya mkate. Posa ile ingekamilika kwa mkate: baba wa pande mbili huushika mmoja huku na mmoja huku, wakauvunja, na ukishavunjika hakuna wa kurudi nyuma. Mkate ukirudi mzima ulikotoka, mji wote utajua kabla ya magharibi.

Jumamosi jioni simu ikalia. Mjomba wa Qobil anasafiri Jumatatu, kwa hiyo watakuja kesho, saa tisa alasiri.

"Kesho!" Risolat alijishika kichwa. "Baba Sanobar, huo ukuta!"

"Ni kazi ya asubuhi moja," alisema Toshtemir, na moyo wake uliruka kama wa bwana harusi. Siku yake ilikuwa imefika.

Jumapili, jua lilipochomoza, alitoa mazulia, akasimika nguzo mbili chini ya boriti, akagonga ukuta kwa kidole, akausikiliza. Akatema mate viganjani. Akainyanyua nyundo, akaiachia kwenye kona ya juu.

Pigo moja tu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Nyundo ile ilikuwa na sauti yake, na mtaa uliijua kama watu wanavyojua kikohozi cha baba yao. Vumbi halijatua, kichwa cha Ortiq, mwoka mikate wa jirani, kilikwisha kutokeza juu ya ua.

"Kaka Toshtemir! Unabomoa nyumbani kwako peke yako, kama mwizi? Sisi tumekufa?"

"Ortiq, ndugu yangu, ni kaukuta tu..."

"Kaukuta! Zizi langu ulilivunja wewe. Tanuri langu la zamani uliling'oa wewe. Leo unataka niishi na aibu mpaka kaburini?" Akageuka akapaza sauti kuelekea mtaani. "Jamani! Msaragambo! Kwa kaka Toshtemir!"

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa mzima, una sheria zake, na sheria hizo ni ngumu kuliko za serikali, kwa kuwa hakuna wa kumhonga. Ya kwanza: hakuna anayekuja kusaidia akarudishwa. Ya pili: mwenye nyumba hagusi chombo; kazi yake ni kumimina chai. Ya tatu: kazi ikiisha, watu hula pilau. Na ya nne, ambayo haitamkwi, ni kwamba asiyefanya kazi hali.

Ortiq aliingia, akamnyang'anya Toshtemir nyundo kwa heshima zote, akampa birika.

"Pigo moja zaidi," alisihi Toshtemir. "Moja tu, kwa ajili ya roho."

"Utatuaibisha. Mimina."

Walikuja wanne wa kwanza, wakaja wanne wengine, na ukuta ulioishi miaka arobaini na mitano ukalala chini kwa robo saa. Toshtemir aliutazama huku birika likimwagika kwenye kiatu chake. Alijitia moyo kuwa angalau sebule imepatikana. Kifusi kikizolewa na mazulia yakirudi, wageni watakuta chumba cha watu arobaini.

Hapo ndipo walipoingia wengine kumi na wawili na nyundo zao, mitaimbo yao na toroli mbili.

"Uko wapi ukuta?" aliuliza wa mbele.

"Umeshakwisha, wadogo zangu. Mungu awabariki. Kaeni, pilau litakuwa tayari alasiri."

Hakuna aliyekaa. Walitazama chini. "Kaka, tutalila kwa uso gani?" alisema yule wa mbele. "Nyundo zetu hazina hata vumbi."

Toshtemir alimwona mmoja wao ameanza kugeuka kwenda zake, uso umemshuka. Huyo ndiye aliyembebea Toshtemir jeneza la mama yake. Adabu iliyompeleka mwisho wa foleni kiwandani ikampanda tena kooni.

"Basi," alisema, "kuna ukuta wa stoo. Nilikuwa nafikiria, siku moja..."

Hakumaliza. Stoo ilikuwa chini.

Wakaja wengine. Mwenyekiti wa mtaa, Yoqub, mtu wa kalamu tatu mfukoni, alifika na daftari akaona fujo, naye fujo alikuwa haipendi. Akasimama juu ya kifusi akaanza kugawa. "Watu sita, ukuta mmoja! Msisukumane! Vijana wachukue dari, wazee wapewe milango!" Babu mmoja wa miaka themanini na moja alipewa fremu ya dirisha na mtaimbo, akasema hajaheshimiwa hivyo tangu astaafu.

Uani Risolat alikuwa akikaanga karoti kwenye sufuria kubwa. Aliinua kichwa.

"Baba Sanobar, unagawa nini tena?"

"Jiko tu, mama. Wamekuja wale wa nyumba za mfereji."

"Jikoni mna mchele wangu!"

"Wameutoa. Wana adabu sana."

"Na bafu? Mbona naona mbingu kupitia bafuni?"

"Hao walikuwa wawili tu," alisema Toshtemir kwa unyonge, "nikaona niwape kitu kidogo."

Sanobar alimvuta baba yake kando, chini ya mforosadi wa uani. "Baba, nimepiga hesabu. Nyumba sitini na tisa. Wameshafika watu hamsini na wanane, na kuta zimebaki tatu. Sema basi. Sema neno moja tu: imetosha."

"Mwanangu, mtu amekuja na nyundo yake begani, siku yake ya mapumziko. Nimwambie imetosha? Hata maji hatuwaambii wageni yametosha."

"Saa tisa wakwe watafika."

"Najua."

"Watavunja mkate wapi?"

Toshtemir aligeuka. Alikuwa amemwona mtu wa hamsini na tisa getini.

Kufikia saa nane na nusu, nyumba ya Toshtemir ilikuwa na geti na ukuta mmoja. Ukuta huo ulikuwa wa nyuma ya sebule, wenye rafu za kuwekea mabirika ya harusi ya Risolat. Toshtemir alikuwa ameuegemea kwa mgongo, mikono ameitanua, akisema kwa kila aliyekaribia, "Huu hapana. Huu mnisamehe." Moyoni alijiambia: watakapoondoka wote, pigo langu lile liko hapa.

Honi ikalia nje. Toshtemir alijifuta vumbi usoni, akavaa joho lake la sherehe, akaenda akalifunga geti ili apate kulifungua.

"Karibuni," alisema, ameweka mkono kifuani. "Karibuni ndani."

Baba yake Qobil, Ganijon, alikuwa karani wa mahakama, mtu mnene mpole mwenye suti ya kijivu. Aliingia, akatazama, akatoka nje kidogo kulikagua geti, akaingia tena.

"Ndani ni wapi, mkwe?"

"Hapo uliposimama ni ukumbini. Mkilipita lile tofali, mtakuwa sebuleni."

Wageni walikuwa watu waliofunzwa. Walipofika penye tofali walivua viatu, wakavipanga, wakavuka mmoja mmoja mahali palipokuwa na kizingiti. Mjomba, aliyekuwa mrefu, aliinamisha kichwa asigonge fremu. Wakaketi juu ya mazulia yaliyotandikwa kwenye vumbi, huku wanaume sabini weupe kwa chokaa wakiwatazama kwa heshima.

Shangazi Oyimxon alizungusha macho: mforosadi, ua wa Ortiq, barabara, mlima kwa mbali.

"Shangazi," aliuliza Sanobar akimpa chai, sauti yake laini kama siagi, "watu arobaini wataenea?"

Bibi alifikiri kwa haki. "Wataenea," alisema.

Pilau likaletwa, nyama juu, vitunguu saumu vizima vizima katikati. Kila mtu alinyoosha mkono isipokuwa Ganijon.

"Kula, mkwe, kula! Au halina chumvi?"

"Lanukia kama la peponi," alisema Ganijon. "Lakini nimeingia nimekuta wanaume wote hawa wametoka jasho. Mimi nimeketi garini. Nitakulaje?" Akavua koti, akalikunja vizuri, akampa mdogo wake aliyekuja naye. "Hakuna kilichobaki?"

Macho ya watu sabini na zaidi yakaelekea ukuta wa rafu. Toshtemir aliutazama pia, akamtazama binti yake, akamtazama mtu huyu mwenye viganja laini aliyekuwa tayari kulala njaa kuliko kula bure. Wangapi wanaotutawala wangekataa sahani kwa sababu hiyo?

Alikwenda akaichukua nyundo, akampa.

"Usiisukume," alisema kwa sauti ndogo. "Iache ianguke yenyewe."

Risolat alitoa mabirika. Ganijon alipiga mapigo kumi na moja, mengine yakiangukia hewani, na kwenye la kumi na mbili nyumba ya Toshtemir ikamalizika. Watu walishangilia kana kwamba mtu amezaliwa. Kisha wote wakala.

Ukafika mkate. Ulikuwa wa Quva, mnene, wa siagi, mgumu ukingoni kama tofali lililochomwa. Ganijon akashika upande wake, na mikono yake ikaanza kutetemeka. Vidole havikufunga. Alivuta, mkate ukamponyoka. Akavuta tena, ukamponyoka tena.

Shangazi Oyimxon aliacha kutafuna. "Haukubali," alinong'ona.

"Si mkate, ni nyundo!" Ganijon aliona haya. "Sihisi vidole. Mdogo wangu anishikie?"

"Ni baba au mwenye ndevu za mvi," alisema Yoqub akifungua daftari lake, kana kwamba lilikuwa limeandikwa humo. Lakini kila mwenye ndevu za mvi pale alikuwa amebomoa tangu asubuhi. Ortiq aliinua mikono yake, ikatikisika kama majani. Babu wa fremu hakuweza hata kuinua.

Toshtemir akaitazama mikono yake mwenyewe. Haikuwa imeshika kitu siku nzima ila birika.

"Mkwe," alisema, "wewe ubane tu kifuani. Usivute. Uache uende wenyewe."

Ganijon akaukumbatia mkate kama mtoto. Toshtemir akaushika upande wa pili, akaunyanyua kidogo, akaupinda kuelekea chini. Mkate ukalia kama tawi kavu.

"Hongera!" Ortiq alinguruma. Peremende zikarushwa juu, zikawaangukia watu vichwani, kwa kuwa hapakuwa na dari ya kuzizuia. Sanobar alicheka mpaka akaketi chini.

Mtaa haukumwacha mtu alale chini ya mforosadi. Familia ilihamia ghala la unga la Ortiq, na Jumatatu msaragambo ulirudi, safari hii na matofali. Wiki saba walijenga. Walioumbuka kwa kukuta hakuna cha kubomoa walijenga kwa bidii kuliko wote. Toshtemir alimimina chai wiki saba.

Siku mbili kabla ya harusi, Yoqub alifunga utepe mlangoni, akaukata mwenyewe, akasoma majina yote sabini. Risolat akaingia wa kwanza. Alipotoka alikuwa amekunja mikono.

"Baba Sanobar," alisema polepole, "ule ukuta upo."

Ulikuwepo. Katikati, pale pale, kati ya sebule na chumba cha pembeni, umepigwa lipu safi, umepakwa rangi ya samawati.

"Tulifuata msingi," alisema Ortiq kwa fahari. "Nyumba ya marehemu baba yako, kaka. Hatukupunguza hata tofali moja!"

Toshtemir alikuwa ameuona ukipanda tangu wiki ya tatu. Mwenye nyumba kukosoa kazi ya msaragambo ni sawa na kumtemea mgeni chai. Alikohoa. Ortiq akadhani chai imepoa, akaenda kuipasha moto. Wiki ya nne alikohoa zaidi, wakamletea asali.

"Ni mzuri sana," alisema sasa Toshtemir, mkono kifuani. "Mungu awabariki wote."

Siku ya harusi, mara tu baada ya sala ya alfajiri, alifunga geti kwa komeo. Akaingia sebuleni peke yake. Akasimika nguzo mbili. Alivua joho lake la sherehe, lile lenye pamba nene ndani, akaivisha nyundo, akaifunga kwa mkanda kama mtoto anayepelekwa nje wakati wa baridi. Akagonga ukuta wa samawati kwa kidole, akausikiliza. Akatema mate viganjani.

Nyundo ikaanguka kwenye kona ya juu. Ilisema *buh*, basi. Ikaanguka tena. Vipande vya lipu vilishuka kama theluji kwenye kofia yake, na machozi yakampitia vumbini bila kusumbuliwa na mtu. Pigo la tano lilikuwa tamu kuliko la nne.

Pigo la tisa lilipotua, sauti ilitoka upande wa pili wa ua, chini chini.

"Kaka Toshtemir? Ni wewe?"

Toshtemir alisimama, nyundo ameikumbatia. "Hapana, Ortiq. Ni mama Sanobar. Anatwanga bizari ya pilau."

Akamsikia mwoka mikate akipumua, kisha akishusha kitu kizito ardhini, kitu cha chuma.

"Mwambie atwange taratibu," alisema Ortiq. "Wasije wakasikia wengine."